Amri Nilizompa Baba

Wiki iliyopita nilinunua brashi ndogo ya kuoshea chupa ya maziwa ya mwanangu, ile yenye nywele ngumu kichwani na mpini wa waya. Nikaitumbukiza ndani ya chupa, nikaizungusha mara tatu kulia, nikaichomoa, nikaigonga mara mbili ukingoni mwa sinki. Mume wangu akaniuliza kwa nini naigonga. Mikono ilikuwa imekumbuka kabla ya kichwa, na kichwa kilipoifikia ilinibidi nikae chini kwanza, juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, huku povu likinidondoka miguuni.

Brashi ya kwanza ya aina hiyo niliyoiona maishani haikuwa ya chupa. Ilikuwa ya bomba lililokaa shingoni mwa mama yangu.

Wenzangu mliokulia Kasese, huku Uganda magharibi, miaka ile mtazikumbuka zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, mabati yake yakilia mchana kwa joto, na vumbi la barabara kuu likiingia hata ndani ya sukari. Baba alikuwa Mkenya wa magharibi aliyefuata kazi kwenye kiwanda cha simenti. Mama alikuwa wa kwetu hapa, Mkonzo wa Bwera, kule mlimani karibu na mpaka. Kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na hakuna mjadala. Mama alikuwa Biira. Nilipozaliwa mimi, Baba alikuwa na jina la mama yake tayari mfukoni. Akaambiwa mtoto ni Masika, akalirudisha mfukoni.

Mama aliuza samaki wa Katunguru sokoni, na sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo. Akiita mteja, mteja wa jirani naye aligeuka. Basi sauti ile ilipoanza kukwaruza, kila mtu aliona ni uchovu wa kuita, na kila mtu alikuwa na dawa. Alipewa asali, tangawizi, limau na chumvi, akafukizwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka akatoka jasho kama aliyenyeshewa. Sauti ikazidi kupungua. Kisha, kabla haijaisha kabisa, pumzi yenyewe ikaanza kusikika. Ilikuwa kama mtu anaburuta kiti sakafuni, akikivuta, akikirudisha. Mimi nilidhani Mama amejifunza kukoroma akiwa macho, na nikawahadithia wenzangu shuleni kwa majivuno.

Siku moja adhuhuri alirudi kutoka sokoni akakaa kizingitini, beseni la samaki likiwa bado kichwani. Hakulitua. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, shingo imeingia ndani pale penye shimo la chini, na midomo imebadilika rangi. Jirani yetu Haji, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mizigo, alimnyanyua kama mzigo mwingine wowote na kumpakia. Baba alikuwa zamu. Mimi nikaachwa kwa mke wa Haji, Hajati, na beseni la samaki.

Baba alikuja kesho yake mchana, nyusi zake zikiwa bado nyeupe kwa simenti. Hajati akamuuliza hali. Baba akapitisha kidole kooni na kusema, "Wamemkata hapa."

Aliendelea kusema mengine, lakini mimi masikio yangu yalifungwa palepale. Kila Idi nilikuwa nasimama uani kwa Haji na watoto wake nikiangalia mbuzi anavyochinjwa. Nilijua watu hukatwa vidole, hukatwa miguu, hukatwa tumbo wakizaa kwa upasuaji. Shingoni nilimjua anayekatwa, na nilijua kinachofuata ni mchuzi. Kwa hiyo nikaelewa, tena kwa utulivu unaonitisha mpaka leo, kwamba Mama amechinjwa.

Sikulia wala sikuuliza. Siku tatu nilikataa nyama kwa Hajati, na Hajati akadhani mtoto wa Kikristo anaogopa chakula cha Waislamu, akaniletea maharage. Siku ya pili nilimwona Baba akicheka na Haji kwenye pikapu, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Mtu mke wake amechinjwa, anacheka!

Siku ya nne Baba akaniogesha yeye mwenyewe, akanivalisha gauni la kanisani, akasema tunaenda hospitali kumwona Mama. Nikajua naenda kuaga maiti. Njia nzima nilikuwa nahesabu nguzo za umeme ili nisifike.

Wodi ilikuwa imejaa. Muuguzi mmoja mnene, ana funguo kiunoni, alisimama mlangoni akaita "Biira!" na wagonjwa wanne wakainua mikono, pamoja na wauguzaji wawili. Akaguna, akasema, "Biira wa shingo," na hapo ndipo nilipomwona Mama. Alikuwa ameketi. Shingoni, katikati ya kitambaa cheupe, kulikuwa na kitu cha chuma kinachong'aa, kimefungwa kwa utepe kama kidani. Na kutoka kwenye chuma kile ilitoka sauti. Ffff. Ffff. Niliijua sauti ile. Ndiyo hutoka kwa mbuzi baada ya kisu, muda mfupi tu, kisha huisha.

Lakini macho ya Mama yalikuwa wazi, na yalikuwa yananitazama mimi.

Nilijificha nyuma ya Baba nikaanza kulia kilio cha siku nne. Yule muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, akachuchumaa akaniuliza ninalia nini. Nikasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Wamemchinja mama yangu na bado hajamaliza kufa."

Wodi ikacheka. Baba akataka kuingia chini ya kitanda kwa aibu. Sista peke yake hakucheka.

"Wewe umeona mbuzi?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Pumzi ya mbuzi inatoka?"

"Inatoka."

"Inarudi?"

Nikafikiri. "Hairudi."

"Sasa leta mkono."

Akaushika mkono wangu, akaufungua, akauweka mbele ya shingo ya Mama, karibu na chuma lakini bila kukigusa. Upepo wenye joto ukanigonga kiganjani. Kisha ukasimama. Kisha nikausikia ukivutwa kutoka kwenye vidole vyangu, baridi, ukirudi ndani. Ukatoka tena. Ukarudi tena. Nilihesabu mpaka ishirini, maana ndipo nilipoishia kuhesabu bila kukosea. Mama akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, na mimi nikahisi jambo ambalo sijalihisi tena kanisani wala mahali pengine: kwamba nimeshika kile kitu chenyewe kinachotofautisha mtu na maiti, na kwamba ni chepesi, na kina joto.

Sista akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Uvimbe umeota kwenye koo la Mama, pale sauti inapokaa, na umeziba njia ya pumzi. Daktari hakuweza kuuondoa siku ile. Mama angekufa huku bado wanautafuta. Kwa hiyo amepasua chini yake, akaweka bomba. "Mlango wa mbele umezibwa," alisema, "tumemfungulia wa uani. Atapitia huko mpaka zamu yake ifike kwenye hospitali kubwa, wamtoe uvimbe."

Kisha akamgeukia Baba. Mlango wa uani unahitaji mtu wa kuufagia. Makohozi yanayopita pale hukauka, yakikauka huziba, na yakiziba Mama hana mlango mwingine. Ndiyo maana mabomba ni mawili, moja ndani ya jingine. La nje halitolewi. La ndani lina kufuli ndogo; unaifungua, unalitoa, unalisafisha kwa brashi na maji yaliyochemshwa, unalirudisha. Asubuhi, mchana, jioni, na wakati wowote mlio unapobadilika.

"Simruhusu aende kwenye nyumba ambayo haina mtu wa kufanya hivi," Sista akasema. "Nitakaa naye hapa mpaka azeeke. Mzee, nawa mikono, njoo."

Baba alinawa. Baba yangu alikuwa mtu wa kuendesha mashine ambazo kelele yake ilisikika mpaka nyumbani. Alishika lile bomba dogo kwa vidole viwili vinene, vidole vikaanza kutetemeka. Mama akakohoa. Kohozi likaruka kutoka shingoni likamgonga shatini, Baba akaruka nyuma, bomba la ndani likaanguka sakafuni likaviringika mpaka chini ya kitanda cha jirani. Sista akaleta jingine. Kesho yake wakajaribu tena, na kesho kutwa. Mara ya tatu Baba hakufika hata kwenye kufuli. Alitoka nje akasimama akiwa ameegemea ukuta, na mimi niliyemfuata nilimsikia akimwambia Sista, "Nikimuua je? Hii mikono imezoea chuma. Mimi nitaua mama ya mtoto wangu, Sista."

Sista hakumbembeleza. Alisema tu, "Basi tafuta mikono mingine."

Mikono mingine ilikuja na basi la Bwera. Ilikuwa ya Mjomba, kaka yake Mama, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akilinda ghala la kahawa. Watoto wote tulimwogopa. Hakuwa anazungumza, alikuwa anatoa amri. Hata chai aliiomba kama anaomba risasi. Alisimama kando ya kitanda, akamtazama Sista akifanya kazi mara moja, kisha akasema, "Hii ni mtutu."

"Afande, hapa hatupigi mtu risasi," Sista akamwambia.

"Mtutu ni mtutu. Ikichafuka inaua mwenyewe." Akakunja mikono ya shati na kuanza, akijiamrisha kwa sauti ya gwaride. "Nawa mikono! Shika la nje! Fungua kufuli! Toa! Safisha, moja, mbili, tatu! Gonga! Suuza! Rudisha! Funga!"

Bomba lilitoka, likasafishwa, likarudi, na Mama hakukohoa hata mara moja. Sista alimwangalia, akaangalia bomba, akamwangalia tena. Akasema yeye amefundisha watu wengi lakini huyu si yeye aliyemfundisha.

Hivyo ndivyo Mama alivyopelekwa Bwera badala ya Kasese. Alipelekwa palipo na mikono. Mimi nilikwenda naye, na Baba akarudi peke yake kwenye nyumba ya mabati na zamu zake.

Nyumbani kwa Bibi, mama yao Mama na Mjomba, kulikuwa na ubaridi wa mlimani na harufu ya kahawa iliyoanikwa uani kwenye maturubai. Nilijifunza mambo pale ambayo siyaoni vitabuni. Nilijifunza kwamba mtu wa namna hii hucheka bila sauti. Mabega hutikisika na bomba hupiga mluzi. Hulia bila sauti vilevile, na ukimpa kisogo huwezi kujua. Mama alikuwa na kikombe cha bati na kijiko: kugonga mara moja ni "njoo", mara mbili ni "maji", na mfululizo ni "haraka". Hakusikia harufu tena. Bibi aliunguza maharage mbele yake naye akaendelea kuchambua mchele kwa raha zake. Mimi nililielewa jambo hilo kwa akili yangu. Kama pumzi imehamia shingoni, basi pua nayo imehamia. Nikamenya chungwa, nikamletea ganda, nikalishikilia mbele ya bomba ili anuse. Alicheka mpaka mluzi wake ukamwamsha Bibi.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, sauti ya Mjomba ilipasua nyumba. "Nawa mikono! Shika la nje!" Mimi nilishika bakuli la maji yaliyochemshwa. "Wewe kadogo, maji iko wapi? Brashi iko wapi? Simama sawa!" Alikuwa na mikono ya ajabu. Mtu aliyefoka namna ile, vidole vyake vilikuwa vinaingia shingoni mwa dada yake kama vya mtu anayemtoa mtoto usingizini. Nilikuwa nasimama mbele ya lile tundu kila siku na kila siku nilishangaa upya. Kumbe uhai wa mtu mzima, mwenye hasira zake, mwenye deni la samaki na wivu na nyimbo, wote unapita kwenye kitu chembamba kuliko kidole changu.

Baba alikuja kila alipopata siku ya mapumziko. Alileta sukari, sabuni, na gazeti ambalo Mama alilitumia kuwashia jiko. Aliketi kando ya Mama akimpa habari za Kasese, mikono yake akiikalia. Mjomba akianza tu kunawa, Baba alitoka kwenda kuangalia kahawa, naye alikuwa haijui kahawa hata kidogo. Mama alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua, kama watoto wanavyojua, kwamba sisi hatutarudi nyumbani kwetu mpaka Baba aweze. Na nilimwona hawezi. Nilianza kusahau rangi ya mlango wetu.

Basi Jumamosi moja mchana wakaja wageni. Walikuwa watu wa kanisa pamoja na jamaa walioteremka kutoka Kyondo, na mchungaji wao mbele, wamekuja kumwombea Mama. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile walikaribia kummaliza.

Mjomba alikuwa ghalani. Baba alikuwepo, amekuja asubuhi. Bibi, aliposikia mchungaji yuko njiani, alifanya ambalo mwanamke yeyote wa adabu pale kwetu angefanya. Alimfunika binti yake. Sista alikuwa ameruhusu kitambaa chepesi chenye unyevu tu, kizuie vumbi. Bibi alifungua sanduku akatoa skafu yake ya sufi, ya bluu, aliyoinunua ng'ambo ya mpaka na kuivaa Krismasi peke yake. Akaizungusha shingo ya Mama mara mbili. Mama akatikisa kichwa. Bibi akadhani ni haya.

"Mutu haombewi shingo wazi kama kuku," alisema, na kukaza fundo. "Na hii baridi ya mulima, itaingia mpaka kwa moyo."

Chumba kilijaa. Walikaa mkekani, kwenye makochi, dirishani. Ngoma ndogo ikaletwa, wimbo ukaanza, na watu wa Kyondo wanapoimba hawaimbi kwa ajili ya chumba, wanaimbia bonde zima. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli langu, maana sikuzoea kukaa mbali na Mama bila bakuli. Nilikuwa nausikiliza mluzi wake chini ya wimbo, kama mtu anavyosikiliza mtoto wake kati ya watoto wengi. Ulikuwepo. Kisha ukawa mwembamba. Kisha sikuusikia.

Mama akashika skafu kwa mikono miwili. Akaivuta. Akanyoosha mkono kwenye kikombe chake akagonga mfululizo, lakini ngoma ilikuwa inagonga vilevile na kikombe kikapotea ndani yake. Akainuka nusu. Kichwa kikaenda nyuma, mikono ikapaa juu, mwili ukaanza kutetemeka.

Na watu wakafurahi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamekuja kumwomba Roho ashuke, na sasa waliona ameshuka. Mtu akapaza "Amina!" Mwingine akaanza kulia kwa furaha. Mchungaji akafumba macho, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Mama na kuzidisha sauti. Bibi alipiga vigelegele. Mama yangu alikuwa anakufa mbele ya watu ishirini na wote walikuwa wanamshukuru Mungu.

Nilimtafuta Baba. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameinamisha kichwa kwa maombi.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Haikuwa yangu. "Nyamazeni!"

Ngoma ikakatika. Niliwapita watu nikiwakanyaga vidole, nikafika kwa Mama, nikaivuta ile skafu. Fundo la Bibi lilikuwa fundo kweli. Nikaling'ata kwa meno likaachia. Bomba likaonekana, na mbele yake niliweka kiganja. Hakuna kitu. Si joto, si baridi.

"Baba!" nikasema. "Njoo hapa! Piga magoti!"

Jamani, mjue nilichokuwa nafanya. Kwetu mtoto hamwiti baba yake mbele ya wageni bila kuinama, seuze kumwambia apige magoti. Lakini mimi bomba hilo sikuwahi kuligusa; Mjomba alikuwa amenikataza kwa kiapo. Nilichokuwa nacho ni maneno tu, na maneno yalikuwa yameniingia asubuhi baada ya asubuhi kama nyimbo za shule. Baba akaja. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku za simenti. Akapiga magoti.

"Shika la nje!"

Mkono wake ukaja, macho yake yakiwa kwa wageni.

"Shika! Usiangalie watu!"

Akashika.

"Fungua kufuli! Kushoto!"

Kufuli ikateleza, ikateleza tena, ikafunguka.

"Toa!"

Akavuta, na bomba la ndani likatoka likiwa limezibwa na kohozi zito kama gundi ya mti, nyuzi za bluu za sufi zimenasa ndani yake. Kwa kitambo, ambacho sitasema kilikuwa kirefu kiasi gani kwa sababu mimi bado nimo ndani yake, hakikutokea kitu. Kisha kifua cha Mama kikapanda, na pumzi ikaingia kwa mlio mkubwa, mlio mbaya kabisa, mlio mtamu kuliko wimbo wowote ulioimbwa chumbani mle. Akakohoa. Likamrukia Baba usoni. Baba hakuruka nyuma.

"Safisha!" nikasema, na kumsogezea bakuli na brashi. "Moja, mbili, tatu! Gonga! Suuza! Rudisha! Funga!"

Akafanya yote. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imetulia, na wa kwanza kuiona ilivyotulia alikuwa yeye mwenyewe. Akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma. Mama alikuwa amemshika ukosi wa shati na hakumwachia. Mchungaji, mtu mzima mwenye mvi, alikaa chini pale alipokuwa amesimama, akasema "Amina" kwa sauti ndogo, nusu ni kwa Mungu na nusu, nadhani, ni kwetu. Hakuna aliyeimba tena. Wote tulikuwa tunasikiliza mluzi. Ulitoka, ukarudi. Ulitoka, ukarudi. Sijawahi kuona watu ishirini wakisikiliza kitu kimoja kwa heshima kama ile.

Niyaseme kwa ufupi yaliyofuata, nisiwaache roho juu. Zamu ya Mama ilifika, uvimbe ukatolewa, na baada ya miezi bomba nalo likaondolewa. Sista alifunika lile tundu kwa kitambaa tu, akasema litajifunga lenyewe, na kweli lilijifunga, ndani ya siku chache, bila uzi wala sindano. Hilo nalo sijaacha kulishangaa. Mama bado anaishi Kasese. Sauti yake ni ya kukwaruza, na bado akiita, wa jirani hugeuka.

Lakini jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka wakinyata, Bibi alinivuta pembeni. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, skafu yake ameitupa jikoni, na pamoja na hayo yote desturi ilibaki desturi. "Umeokoa mama yako," alisema. "Na umeamuru baba yako mbele ya mchungaji. Zote mbili ni kweli. Enda upige magoti."

Nikaenda. Baba alikuwa mkekani kando ya Mama, aliyekuwa amelala. Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa, nikasema, "Nisamehe, Baba. Nimekuamrisha."

Nilisikia mkeka ukilia, nikainua macho kidogo. Baba naye alikuwa amepiga magoti, uso wake sawa na wangu, yeye ambaye siku zote alisema kupiga magoti ni mambo ya Uganda na hayamhusu.

"Sema tena," akaniambia. "Yote, kutoka mwanzo. Nataka niijue kabla tufike nyumbani."

Neno lile nyumbani likanipanda mwilini mpaka kwenye nywele. Nikafuta machozi, nikasimama sawa. Amri ya kwanza mchana ule nilikuwa nimeiruka, haikuwa na nafasi.

"Nawa mikono," nikasema.

Mikono yake ilikuwa safi. Akainuka, akaenda kunawa.